Kuchuja, Kubania na Kudhibiti: Historia Fupi ya Maneno Yanayomhusu Msomaji Aandikaye

Katika safari yetu ya mkoani Kagera tulipata kukaa siku mbili Izigo, kata mojawapo ya Wilaya ya Muleba, kwa nia ya kukusanya majina ya sehemu za mgomba na ya kazi za shambani. Safari za namna hii aghalabu huleta faida isiyotazamiwa. Jioni ya siku ya pili kijana mmoja, mkulima, ambaye huandika katika blogu yake habari za migomba, kahawa na bei za sokoni, alituletea simu yake akasema: "Waitu mwalimu, ninyi ni watu wa Kiswahili. Nisaidieni hapa."

Chini ya makala yake kuhusu mnyauko wa migomba, ugonjwa ulioingia wilayani humo yapata mwaka 2006, palikuwa na maandishi ya wasomaji yaliyokuwa yakingojea ruhusa yake. Jirani yake alikuwa akimlaumu kwa kuwashauri watu wang'oe migomba iliyougua. Mtu asiyetaja jina alimtuhumu kiongozi mmoja wa kijiji kwa wizi. Yaliyosalia, zaidi ya kumi, yalikuwa ya Kiingereza kibovu: yalimsifu mwandishi kwa "kazi nzuri sana", kisha yakatia anwani ya duka la dawa la ng'ambo. Chini ya kila andiko palikuwa na vitufe vitatu, vyote vya Kiingereza. Kijana alitaka majina ya Kiswahili ili awafundishe wenzake wawili wanaomsaidia.

Kitufe cha kwanza tulikiita "pitisha", cha pili "futa", cha tatu "taka". Alitosheka. Ndipo akauliza swali ambalo hatukulitazamia: "Na kazi yenyewe, hii ya kukaa mlangoni na kuamua nani aingie, inaitwaje?" Mmoja wetu alijibu kuwa ni kuhariri. Wa pili alisema ni kuchuja. Wa tatu, ambaye amefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya serikali, alisema kwa uhakika kuwa ni kudhibiti. Kijana akacheka, akasema kuwa wasomaji wake wao husema "kubania".

Tulirudi Dar es Salaam na maneno manne kwa kazi moja, na katika makala haya tutajaribu kueleza yalikotoka. Msomaji asidhani kuwa ni mchezo wa maneno. Kama tutakavyoona, zimekuwapo sheria nchini zinazomwajibisha mtu mmoja kwa maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine, na sheria hizo sasa zinapaswa kusomeka kwa Kiswahili.

Inafaa tuanze na zama za stempu. Magazeti ya Kiswahili yalitokea mapema: Msimulizi la wamisionari wa Zanzibar lilianza mwaka 1888, na Kiongozi lilipigwa chapa Tanga katika miaka ya utawala wa Wajerumani. Lakini gazeti lililowazoesha wasomaji wengi wa Tanganyika kuandika nao ni Mambo Leo, lililotolewa kila mwezi na Idara ya Elimu tangu Januari 1923. Humo mlikuwa na barua, na mlikuwa na mashairi, na mashairi hayo mara nyingi yalikuwa barua kwa hakika: mtu wa Tanga anauliza, mtu wa Tabora anajibu, wa tatu anawapatanisha, na miezi inapita.

Tufikirie barua iliyotoka Bukoba katika miaka hiyo. Mwandishi alihitaji karatasi, wino na stempu, na alihitaji kufika posta. Barua ilipanda meli ya Ziwa Viktoria. Kabla ya mwaka 1928 reli haijafika Mwanza, hivyo njia ya kwenda pwani ilipitia Kisumu na Mombasa. Baada ya hapo iliwezekana kupitia Mwanza na Tabora. Kufika kwake mezani pa mhariri kulikuwa ushahidi kwamba kuna mtu, mahali fulani, aliyeona jambo lake lastahili gharama na usumbufu. Hakuna aliyeiita stempu kuwa ni chujio, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ilichuja kabla mhariri hajafungua bahasha. Bila shaka iliwachuja pia maskini na wasiojua kuandika, jambo ambalo wanaoisifu enzi hiyo hulisahau.

Kwa kuwa kazi ya kwanza ilifanywa na posta, neno moja lilitosha kwa iliyobaki. Neno hilo ni mhariri. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi ambao kwa watu wa lugha hiyo hubeba maana mbili: kuandika au kusahihisha maandishi, na kuacha huru. Katika neno mhariri Kiswahili kilichukua maana ya kwanza peke yake. Mhariri wa Mambo Leo, likiwa gazeti la serikali ya kikoloni, hakuwa mtu wa kuacha huru kila kitu, na waandishi walilijua hilo. Ndiyo sababu Erica Fiah, mtu wa Uganda aliyeishi Dar es Salaam, alipoanzisha Kwetu mwezi Novemba 1937, gazeti la kwanza la Mwafrika katika Tanganyika, wasomaji walipata mlango mwingine wa kugonga. Baadaye vikaja Ngurumo mwaka 1959 na Uhuru mwaka 1961, na ukurasa wa barua ukawa jambo la lazima kama ukurasa wa michezo.

Ukurasa huo ulijenga kanuni, na kanuni zikajenga misemo. Miwili inatuhusu hapa. Wa kwanza ni ule wa kwamba maoni ya msomaji si lazima yawe maoni ya mhariri. Neno maoni limetokana na kuona, na wingi wake una maana: ni vitu alivyoviona mtu, kwa macho yake, kutoka mahali aliposimama. Gazeti likisema kuwa hayo si maoni yake, halisemi kuwa ni uongo. Linasema kuwa halikusimama pale. Msemo huu ulipigwa chapa mara nyingi mno hata hakuna aliyeutazama tena, lakini ndani yake mna jibu la swali la kisheria tutakalolifikia: neno la msomaji lina mwenyewe.

Msemo wa pili ni "jina limehifadhiwa". Mwandishi aliyeogopa kusengenywa na wakubwa wake kazini aliruhusiwa kufichwa, mradi amletee mhariri jina na anwani yake ya kweli. Kitenzi hifadhi hapo kimechaguliwa vyema kuliko wengi wanavyofahamu. Kitu kinachohifadhiwa kipo, na yupo anayekihifadhi. Umma haumjui mwandishi. Mhariri anamjua, naye hamtoi. Sisi tulio wafasiri tumekuwa na tabia mbaya ya kuutumia msemo huu kwa kila andiko lisilo na jina, hata pale ambapo hakuna mtu yeyote duniani ajuaye mwandishi ni nani. Hizo ni dhana mbili. Baadhi yetu tumependekeza "asiyejitaja" kwa hiyo ya pili. "Asiyejulikana" tungeliepuka: tangu mwaka 2017 neno hilo limebeba mzigo mwingine mzito katika mazungumzo ya Watanzania, na si haki kumtwika mchangiaji wa kawaida.

Redio nayo ilichangia. Kadi za salamu za Radio Tanzania Dar es Salaam zilikuwa na nafasi maalumu ya majina ya wanaosalimiwa, na hivyo kadi yenyewe ilimpunguza msemaji kabla mtangazaji hajaishika. Tunaitaja tu, kwa sababu ilionyesha kuwa umbo la karatasi laweza kufanya kazi ya mhariri.

Sasa tuje kwenye blogu. Jambo lenyewe lilizaliwa Marekani: Jorn Barger alibuni jina refu mwezi Desemba 1997, Peter Merholz akalikata kwa mzaha mwaka 1999, na mwaka huohuo huduma ya Blogger ikamwezesha mtu asiye fundi kuwa na ukurasa wake bila malipo. Kwa Kiswahili aliyefungua njia ni mwandishi wa habari Ndesanjo Macha, kwa blogu yake ya Jikomboe, mwaka 2004. Huo ulikuwa mwaka wa bidii kubwa ya istilahi: mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili, na watu wengi walijiona kuwa na haki ya kubuni.

Wanablogu hao wa mwanzo walijadiliana juu ya jina la kitu chao kabla hakijaota mizizi. "Gazeti tando" ni pendekezo lililopata wafuasi na likaandikwa juu ya kurasa kadhaa. Lilikuwa na uzuri wake: tando ni kile anachofuma buibui, na gazeti lilimkumbusha msomaji kuwa anakutana na ndugu wa kitu anachokijua. Hata hivyo neno lililotoholewa, blogu, ndilo lililoshinda. Tunadhani lilishinda kwa ufupi, na kwa kukubali unyambuaji: mwanablogu, kublogu. Kiswahili hakipendi jina ambalo haliwezi kuzaa.

Mwaka 2005 mpiga picha Issa Michuzi alianza blogu yake, na hapo ndipo kazi ya kumpokea msomaji aandikaye ilipokuwa kubwa kwa mara ya kwanza katika Kiswahili. Blogu hiyo haikungoja kamati yoyote. Yeye mwenyewe aliitwa Ankal. Blogu ilijiita Globu ya Jamii, kwa utani wa sauti. Kazi ya kublogu ikawa "libeneke". Wasomaji wakaitwa wadau.

Neno mdau linastahili tusimame kidogo. Dau ni kile ambacho mtu anakiweka katika mchezo, naye akishindwa anakipoteza. Kabla ya hapo tulilisikia zaidi katika warsha za miradi, likiwa tafsiri ya ofisini, kavu, la kuandikwa ubaoni kwa kalamu ya rangi. Katika Globu ya Jamii liligeuka kuwa jina la heshima na la ucheshi la mtu yeyote aliyesoma na kuandika chini ya picha: mdau wa London, mdau wa Tabata, mdau wa hapo juu. Lilienea hata likafika Ziwa Viktoria, na leo ipo blogu ya habari za Bukoba iitwayo Bukobawadau. Hatujui neno jingine la warsha lililopata bahati ya namna hiyo.

Na ndipo lilipokuja kubania. Maandishi ya wadau hayakutoka papo hapo. Mwenye blogu aliyasoma kwanza. Wadau walijua, nao wakazoea kumalizia maneno yao kwa ombi: Ankal, usiibanie hii. Kitenzi hiki ni cha mitaani, nacho kimetokana na bana. Wanamuziki walikuwa wakilitumia kwa watangazaji wa redio wasiopiga nyimbo zao. Anayebania hasahihishi wala hapimi; anashika kitu kilicho chake mtu mwingine, na anakishika kwa sababu anaweza. Tukilitazama kwa makini tunaona kuwa ndilo neno pekee, kati ya yale manne, linaloitaja kazi hii kwa mtazamo wa yule aliyesimama nje ya mlango. Kuhariri, kuchuja na kudhibiti ni maneno ya aliye ndani.

Hatupendekezi liingie katika sheria. Tunasema tu kuwa mfasiri anayelidharau kwa kuwa ni la mitaani anapoteza ushahidi: wasomaji wa Kiswahili waliitambua nguvu ya mwenye mlango, na wakaipa jina, mapema kabla Serikali haijaipa.

Wakati huohuo adui wa namna nyingine alikuwa amekwisha kuingia, naye hakuomba asibaniwe, kwa kuwa hakuwa mtu. Historia ya jina lake la Kiingereza ni ya kuchekesha kidogo. SPAM ni nyama ya kopo iliyotengenezwa na kampuni ya Hormel ya Marekani tangu mwaka 1937, nayo iliwalisha Waingereza wakati wa vita hata wakaichoka. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Monty Python walionyesha katika televisheni ya BBC mkahawa ambao karibu kila chakula kina nyama hiyo, na kundi la wateja likaimba jina lake mpaka mazungumzo mengine yote yakafunikwa. Kutoka mchezo huo watumiaji wa kompyuta walipata neno la ujumbe unaorudiwa hadi ukafunika sauti za watu.

Jambo lenyewe lilitangulia jina. Tarehe 3 Mei 1978 mwuzaji wa kompyuta Gary Thuerk alituma tangazo moja kwa anwani zipatazo 400 katika mtandao wa wanazuoni wa Marekani. Aprili 1994 mawakili wawili, mtu na mkewe, walijaza mbao zote za majadiliano kwa tangazo la huduma zao katika bahati nasibu ya ukaazi wa Marekani, ileile ambayo Watanzania wengi wanaijua kwa jina la kadi ya kijani. Katika blogu sababu ilikuwa tofauti kidogo, na mwalimu anayefundisha jambo hili aieleze vizuri, la sivyo wanafunzi hawataelewa kwa nini mtu auze dawa kwa wakulima wa Izigo. Mwuzaji hamtafuti mkulima. Mitambo ya kutafutia kama Google hupima umuhimu wa ukurasa kwa kuhesabu viungo vinavyouelekea kutoka kurasa nyingine. Basi programu hutumwa kupita katika maelfu ya blogu na kuacha kiungo kila mahali panapokubali maandishi ya wageni. Sifa zile za "kazi nzuri sana" ni ganda tu. Kilicho ndani ni anwani.

Mwaka 2003 Jay Allen alitoa orodha ya anwani za kuzuiwa kwa wenye blogu waliotumia programu ya Movable Type. Januari 2005 Google na washindani wake walikubaliana juu ya alama inayoiambia mitambo isikihesabu kiungo kilichomo katika maoni. Mwezi Oktoba mwaka huohuo ikaja Akismet, iliyoyapokea maoni kutoka blogu nyingi na kuyapima pamoja, ili taka iliyotambuliwa pahala pamoja itambuliwe kwingine. Chemshabongo za herufi zilizopinda nazo zilitumika, zikawasumbua wazee kuliko zilivyoisumbua mitambo. Haya yote ni majaribio ya kurudisha stempu: kumlipisha mwandishi kidogo, kwa muda au kwa ushahidi, ili ajulikane kuwa ni mtu.

Kwa Kiswahili tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kutohoa, tuseme "spamu". Kwa maoni yetu mkopo huo hauna faida. Utani wa mkahawa haufasiriki, na nyama hiyo haikupata kuwa chakula cha kutuchosha sisi. Njia ya pili ni kufasiri dhana, na hapo watu wa Tanzania na Kenya walikubaliana karibu bila mjadala juu ya taka: barua taka, ujumbe taka, maoni taka. Tunaliunga mkono, lakini tunaongeza jambo tulilojifunza palepale Izigo.

Kagera maji ya ndizi hukamuliwa kwa nyasi na kuchujwa kabla hayajafanywa lubisi. Tulipomweleza kijana maana ya kuchuja, mama yake, aliyekuwa akisikiliza, alitusahihisha. Alisema kuwa kinachobaki katika chujio ni machicha, na machicha ni ya ndizi yenyewe. Hayanyweki, lakini yalikuwa sehemu ya kilichokamuliwa. Taka ni kile kilichotupwa ndani ya mtumbwi wa kukamulia na mpita njia. Mwenye nyumba huyatazama machicha kabla ya kuyamwaga, pengine mna maji bado. Taka haitazamwi.

Tofauti hiyo ilikuwa mbele yetu katika simu. Lawama ya jirani juu ya migomba, hata kama ni kali, hata kama mwenye blogu anaamua kutoitoa, si taka. Imetoka katika mgomba uleule. Tangazo la dawa ni taka. Lakini kitufe cha tatu kinayameza yote mawili kwa kidole kimoja, na mashine hujifunza kutokana na kidole hicho. Kijana alikiri kuwa aliwahi kumweka jirani yake humo kwa hasira, na tangu siku hiyo maneno ya jirani yalielekea humo yenyewe, hata salamu za msiba.

Kiswahili nacho sasa kina taka yake ya nyumbani. Hakuna mwenye simu Tanzania asiyewahi kupata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na chini ya kurasa nyingi wapo waganga wa kurudisha wapenzi na wanaoalika watu kujiunga na Freemason wapate utajiri. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania huwataka wananchi watume namba za matapeli kwa 15040. Hapa tena istilahi zinahitaji kutenganishwa. Utapeli ni nia ya kuiba. Taka ni wingi na kutotakiwa. Tangazo la mganga laweza kuwa yote mawili. Tangazo la duka la viatu lililorudiwa mara 50 ni taka bila kuwa utapeli.

Tumefika kwenye sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu cha 20, kinachokataza kutuma, kwa nia ya kutenda kosa, ujumbe ambao mpokeaji hakuuomba. Mfasiri mwepesi ataandika "ujumbe usioombwa" na kuendelea na kifungu kifuatacho. Lakini barua zote za wasomaji tangu Mambo Leo hazikuombwa, kwa maana ya kwamba hakuna aliyemtajia mwandishi jina lake na kumtaka aandike. Jirani wa Izigo hakuombwa. Basi katika tafsiri yoyote ya kifungu hicho yale maneno ya nia ya kutenda kosa yasianguke wala yasisogezwe mbali mwishoni mwa sentensi, kwa kuwa ndiyo yanayomtenga msomaji na mhalifu. Sheria hiyohiyo, katika sehemu ya wajibu wa watoa huduma, inasema kuwa mtoa huduma halazimiki kuchunguza data anayoipitisha au kuihifadhi.

Miaka mitatu baadaye upepo uligeuka. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta, kwa Tangazo la Serikali Na. 133 la Machi 2018, zilimtaka mwenye blogu awe na leseni. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ya leseni 1,000,000, na ya kila mwaka 1,000,000. Zilimtaka pia atumie zana za kuchuja maudhui yaliyokatazwa, awe na njia ya kumtambua aliyeyaleta, na ayaondoe ndani ya saa 12 akiarifiwa. Adhabu ilikuwa faini isiyopungua shilingi 5,000,000 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Zilipingwa mahakamani Mtwara mwezi Mei bila mafanikio. Juni 2018 jukwaa la JamiiForums lilijifunga kwa muda, na blogu nyingi ndogo zilinyamaza. Kanuni hizo zilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine mwezi Julai 2020, ambazo nazo zilirekebishwa mwaka 2022.

Sisi hatuandiki hapa kama wanasheria. Tunatazama neno. Katika Kiingereza cha kanuni za 2018, kitenzi kilichotumika kwa kazi ya mwenye mlango ni kilekile cha vitufe vya simu, kinachotokana na Kilatini na chenye maana ya kutia kiasi, kupunguza ukali. Magazeti yetu yalikifasiri kila moja kwa namna yake, na mara nyingi yalichagua kudhibiti. Hapo ndipo tunapoona hatari. Udhibiti katika Kiswahili cha utawala ni kazi ya mamlaka: EWURA ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, na vitabu na filamu vilikuwa na wadhibiti wake. Anayedhibiti ana uwezo juu ya kitu, na mwenye uwezo juu ya kitu hujibu kwa ajili yake. Tukimwambia mkulima wa Izigo kuwa yeye ni mdhibiti wa maoni, tumekwisha kumhukumu kwa nusu kabla hajafika mahakamani: kila neno ambalo halikuzuiwa linaonekana kuwa ni lake. Ule msemo wa zamani, kwamba maoni ya msomaji si ya mhariri, unafutwa na kitenzi kimoja.

Swali hili limekuwa la haraka zaidi tangu mwaka 2021, Bunge lilipopitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maneno yaliyokuwa ya magazeti yanakuwa maneno ya hakimu.

Tunapendekeza basi kwamba udhibiti uachwe kwa vyombo vya dola. Kazi ya mashine iitwe uchujaji, na chombo chake kichujio, kwa kuwa chujio halina nia na halijibu mashtaka. Kazi ya mtu anayesoma na kuamua iitwe usimamizi wa maoni, naye msimamizi. Msimamizi wa mtihani hajibu maswali ya watahiniwa, na msimamizi wa mirathi si mrithi. Kuhariri kubaki pale ambapo maneno yenyewe yanabadilishwa, jambo ambalo msimamizi wa maoni hapaswi kulifanya bila kusema. Kuhusu asiyejitaja na aliyehifadhiwa jina tumekwisha eleza. Mmoja wetu bado anashikilia kuwa "msimamizi" ni neno la mashambani na viwandani, lenye sauti ya nyapara, na angependa "mratibu". Hatukumshawishi, naye hakutushawishi.

Tulimpelekea kijana orodha hiyo kwa simu. Alituletea picha ya tangazo alilolibandika juu ya ukurasa wake: maoni husomwa kabla ya kutolewa, jina lako litahifadhiwa ukiomba, matangazo ya dawa na ya utajiri ni taka. Lawama ya jirani ilikuwa imetoka, neno kwa neno, na chini yake jibu refu juu ya migomba. Tuhuma dhidi ya kiongozi wa kijiji haikutoka. Alikuwa amemwandikia asiyejitaja kwamba akileta jina lake litahifadhiwa, na mpaka tunapeleka makala haya mitamboni hakuwa amepata jibu.